Kikombe cha Nasor Salim

Ipo siku moja, mwanangu, nnayoikumbuka kila nnapoona jina la marehemu kwenye kioo cha kompyuta. Nlikuwa kijana, nimeajiriwa katika maktaba moja hapa Maskati, na kazi yangu ilikuwa kupanga namna majibu yatakavyoonekana msomaji anapotafuta kitabu. Kila mwandishi alikuwa na rekodi yake: jina mpaka la babu na la kabila, mji wake, mwaka aliozaliwa. Mimi nikaona majina marefu yanaharibu sura ya ukurasa. Nikayakata, likabaki la mtu na la baba yake tu, na vitabu vya jina moja nikavikusanya pamoja.

Adhuhuri ile, nikiijaribu kazi yangu, nikaandika jina la Baba: Nasor Salim. Baba alikuwa mwalimu, aliandika kitabu kimoja juu ya falaji, mifereji ya kizamani inayopeleka maji mashambani. Miaka mingi nyuma maji ya wadi, bonde kavu linalofurika mvua ikinyesha, yalichukua gari lake; gari lilipatikana, yeye hakupatikana. Kadhi alishahukumu kuwa amefariki, na Ijumaa ya wiki ile Mama alikuwa aolewe na mgane mmoja wa mtaa wa Ansab, mtu mwema.

Kioo kikanionesha vitabu viwili. Cha kwanza ni kile nnachokijua. Cha pili kimechapwa mwaka uleule tuliokuwa nao, miaka mingi baada ya Baba kupotea, na kinahusu mafuriko ya wadi.

Mimi ndiye niliyeyakata majina, lakini moyo wenye hamu haukumbuki mkono ulifanya nini. Nikainua simu.

"Mama, Baba yuhai. Kaandika kitabu."

Akasema taratibu, "Nlijua. Jana alasiri nlimsikia akikohoa barazani."

Bi Rayya, mkubwa wetu wa rekodi, alinikuta nalia kwa furaha. Akazifungua rekodi zenyewe. Zilikuwa mbili.

"Huyu wa mafuriko ni kijana wa mji wa Suhar. Babu mwengine, kabila jengine. Wee mtoto, umekata majina ya watu kama unakata kucha! Umeshamwambia nani?"

Nlipomtajia Mama, alikwishasimama. "Twende kwa mama yako. Sasa hivi."

Nyumba yetu ya Azaiba ilikuwa inanukia udi. Kanzu ya Baba imepigwa pasi, imetandikwa juu ya kiti, na mbele ya kiti pana kikombe cha kahawa. Mama kakaa anakitazama kile kiti, anatabasamu. Bi Rayya akamshika mkono, akamweleza yote kwa upole. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Nimekufahamu, Bi Rayya," akasema. "Basi kahawa kanywa nani?"

Tukatazama. Kikombe kilikuwa kitupu, na ukingo wake bado una unyevu.

Sikujua siku ile, na leo sijui. Ya ghaibu anayajua Mola peke yake. Nnalolijua ni kuwa posa ilirudishwa, na kila alasiri Mama alimimina vikombe viwili, mpaka alipofariki. Majina niliyarejesha yote kamili, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Basi mwanangu, ukipewa kazi ya kuwaonesha watu majina, usiondoe kile kinachomtenga mtu na mwenziwe. Acha ukurasa uwe mrefu, acha uwe na sura mbaya. Na likikutokea jina unalolipenda, usiikimbilie simu. Tumeamrishwa tuhakikishe habari kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua.

Namshukuru Mola aliyenipa umri wa kukwambia haya. Akupe subira, akuhifadhie wazazi wako, na siku utakayoitwa, uitwe kwa jina lako kamili, na kwa kheri. Amin.