Waridi Ndani ya Barafu

Kaka yangu ametengeneza barafu tangu hajaota ndevu, na kama kuna kitu alichokionea haya duniani ni pande lenye moyo mweupe. Watu wanadhani barafu ni kujaza maji na kusubiri. Muulize yeye. Maji ukiyaacha yatulie ndani ya kopo la bati, yanaanza kuganda pembeni, na kadiri yanavyoganda yanasukuma hewa na uchafu kwenda katikati, mpaka vinakosa pa kukimbilia. Hapo ndipo unapopata ule ukungu mweupe. Dawa yake ni kutoyapa maji nafasi ya kutulia. Katika kila kopo kaka hutumbukiza mpira mwembamba wa hewa, mapovu yanapanda, yanayachezesha maji, na hewa hainasi popote. Karibu na mwisho huyanyonya maji machafu ya katikati na kumimina safi. Pande lake likitoka, ukiweka kiganja nyuma yake unaona mpaka kucha.

Kazi hiyo haitaki mtu aondoke. Ukichelewa kunyonya, uchafu umeshaganda. Na ndiyo iliyomponza. Siku wifi yangu alipozidiwa hospitali, binti yao alipiga simu kiwandani.

"Baba, njoo sasa hivi."

"Nikishatoa hii barafu nakuja," kaka akajibu.

Alipofika, mkewe alikuwa ameshafunikwa shuka.

Binti hakupiga kelele. Baada ya maziko alifungasha nguo zake akahamia kwa mjomba wake, na tangu hapo kwa baba yake ikawa salamu tu, tena ya kupitia kwangu. Nilimsema kaka mpaka koo likanikauka. Nilimwambia aende akaombe msamaha kama watu wengine. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula. Nilitamani kumrushia kikombe. Najua alikuwa akiumia, ila maneno ya maana humkwama kifuani, na kilichokwama hakimsaidii mtu.

Binti alipopata mchumba, sherehe ya harusi ikapangwa nyumbani kwa mjomba. Ujumbe wake kwa kaka niliubeba mimi, na uliniuma mdomoni: "Mwambie Baba alete barafu ya soda." Basi. Habari ya kukaa na wazazi wenzake haikutajwa. Ungedhani ni mfanyabiashara wa mtaa wa pili.

Kaka alichukua kisu. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye bomba, ambako wifi alipanda mwaridi enzi za uhai wake, akakata ua moja jekundu.

Alitaka kuligandisha katikati ya pande. Mara ya kwanza alilifunga kwa uzi, akafungulia hewa kama kawaida, na mapovu yakalinyonyoa ua mpaka likabaki kijiti. Mara ya pili akafunga hewa. Ua likabaki zima, lakini barafu ikawa nyeupe kama maziwa na hakuna aliyeliona. Maji yakichezeshwa, waridi linaharibika. Yakitulia, waridi linapotea.

"Sasa utafanyaje?" nilimuuliza.

"Nitakoroga kwa mkono. Polepole."

Siku moja kabla ya harusi nilimpelekea chai asubuhi, nikamkuta amesimama juu ya kopo moja, mwiko mwembamba mkononi, anazungusha maji taratibu kulizunguka ua. Nilirudi mchana, chai imepoa pale pale.

"Kaka, si ukae hata kidogo?"

"Nikikaa mimi, na maji yatakaa."

Kesho yake alifika na mkokoteni, mapande yote yamevikwa magunia. Akaingia ndani kusalimia. Mjomba mtu, ambaye haraka ndiyo ugonjwa wake, alikuwa na pipa la soda za moto na wageni wanabisha hodi. Akavuta pande la karibu, akanyanyua nyundo, akalipiga ndani ya gunia lake kama tunavyofanya sote ili vipande visiruke.

"Shemeji, ngoja!" nilipiga kelele. Nyundo ilishashuka.

Alipofungua gunia alibaki mdomo wazi. Katikati ya vipande kulikuwa na wekundu. Kaka alitoka, akaona, akashika ukuta.

Binti naye akatoka, nywele nusu zimesukwa nusu bado. Huyu amekulia kiwandani. Pale ndipo alipofanyia kazi zake zote za shule. Aliinama, akaokota kipande chenye nusu ya waridi, akakigeuza kwenye mwanga.

"Hakuna ukungu, na hakuna alama ya mpira wa hewa," alisema. "Umekoroga kwa mkono?"

"Ndiyo, mama."

Akautazama mkokoteni. Akafunua gunia moja, akafunua la pili, mpaka la mwisho. Mapande yote yalikuwa na moyo mweupe.

"Na haya? Tangu lini unatoa barafu ya namna hii?"

"Niliyaacha yagande yenyewe," kaka alisema. "Nilikuwa na lako."

"Siku ile hukuweza kuyaacha."

"Siku ile nilipaswa kuyaacha. Nilikosa, mwanangu. Nilimkosea mama yako, nikakukosea na wewe."

Nilikuwa sijawahi kumsikia kaka akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Binti alikishika kile kipande mpaka maji yakamchuruzika viwikoni, na ua likamlalia kiganjani. Machozi yalimtoka, msusi akawa anaita kutoka chumbani.

"Mjomba," alisema mwishowe, "kiti cha Baba kiwekwe mbele, karibu na changu."

Mjomba aliitupa nyundo akakimbilia kiti. Siku hiyo hakuna aliyekumbuka kuvunja mapande mengine; soda tulizinywa za moto, na ya kwanza aliinywa mjomba mwenyewe bila kulalamika.