Neno Nililosema Mahakamani

Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo marahaba. Admin, asante kwa kukubali kunifichia jina. Mimi ni mjane wa miaka sitini na mbili, naishi kijijini upande wa Chamwino. Nilisoma hadi darasa la saba, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea. Jambo hili nimekaa nalo zaidi ya miaka ishirini na mitano, na sasa zimebaki siku nne.

Marehemu mume wangu nitamwita baba Neema. Alikuwa mpole. Akikaanga karanga, zile zilizoungua alizila yeye, nzuri akatuachia sisi.

Miaka ya tisini wanunuzi wa ng'ombe walianza kuja na malori hadi mnadani kwetu, na ndugu wakaanza kuviziana mifugo. Rafiki yake baba Neema, nitamwita Lameki, alikuwa na ng'ombe watatu wa urithi ambao kaka yake alitaka kuwauza. Akatuletea tumfichie. Kwetu Wagogo ni jambo la kawaida: unamtunzia rafiki ng'ombe wake zizini mwako, maziwa unakunywa, lakini mwenyewe humtaji. Baba Neema akaniambia, "Mama Neema, yeyote akikuuliza, hawa ni wetu." Nikaitikia.

Kaka yake Lameki aliwatambua kwa mikato ya masikio, akaenda polisi kusema ameibiwa. Walimkuta baba Neema anashona katambuga yake, ile ndala ya tairi. Wakamchukua na mguu mmoja una ndala, mwingine mtupu. Lameki alimwogopa kaka yake, akakana kila kitu. Akaapa kwamba hajawahi kuleta hata ndama kwetu.

Siku ya kesi niliitwa kuwa shahidi wa mume wangu. Shahidi hukaa nje mpaka aitwe, kwa hiyo sikusikia alichosema. Kumbe alikuwa ameeleza ukweli wote, kwamba ng'ombe ni wa Lameki. Mimi nilipoingia, mtu wa kwanza kumwona alikuwa yule kaka mtu, amekaa mbele ananikodolea macho. Moyoni nikasema, huyu ndiye asiyetakiwa kujua.

Hakimu akauliza, "Mama, hawa ng'ombe watatu ni wa nani?"

"Ni wetu."

"Una hakika?"

"Wetu, mheshimiwa. Tumewazalisha wenyewe zizini kwetu."

Baba Neema aliinamisha kichwa. Nilidhani ameridhika. Hakimu akasema maneno yetu yanapingana, akamfunga miaka mitano.

Watoto wangu waliitwa watoto wa mwizi kisimani, shuleni, hata kanisani. Ile ndala iliyobaki niliitunza chini ya kitanda. Mwaka wa nne Lameki aliugua sana, akamwita mchungaji, akatubu na kuandikisha maelezo. Rufaa ikasikilizwa, mume wangu akaachiwa huru. Alirudi hana meno ya mbele na miguu imevimba, ndala haikumwingia tena. Alikula amegeukia ukuta. Akitaka kwenda chooni alisimama wima mlangoni na kusema, "Afande, naomba kutoka." Watoto walicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hawakucheka.

Wakamwambia akadai fidia, kwa kuwa alifungwa bila kosa. Tukaenda wote wawili kwenye ofisi moja mjini Dodoma. Karani mwenye tai aliifungua hukumu, akaisoma kwa sauti wenzake wasikie, hadi kwenye maneno yangu. Hapo akaishusha.

"Mzee, serikali haikukufunga. Aliyekufunga umekuja naye."

Mwenzake wa meza ya pili akadakia, "Mama, si ng'ombe mlizalisha wenyewe? Basi na fidia nayo kazalisheni wenyewe."

Ofisi nzima ilicheka. Baba Neema alikunja karatasi yake taratibu, akasema, "Asanteni," tukatoka. Stendi akaninunulia zabibu za Makutupora zilizofungwa kwenye gazeti, akawa ananichagulia zisizopondeka. Akasema, "Ulisema nilivyokufundisha. Watoto wasijue." Tulipofika nyumbani aliichoma ile hukumu jikoni. Hakudai tena mpaka alipofariki mwaka juzi.

Msibani mjane wa Lameki alikuja na debe la mtama kichwani. Binti yangu Neema akamsimamisha mbele ya watu wote: "Rudi na mtama wako! Ninyi ndio mliomfunga baba yangu." Yule mama akanitazama. Siku ile ya kesi alikuwepo, anajua. Akajitwisha debe lake akaondoka, na mimi nikajifunika khanga kama ninayelia.

Sasa Neema anaishi Area D, mjini Dodoma, ana kazi nzuri. Amempata wakili wa kudai fidia ya baba yake, na ameomba nakala ya hukumu. Nilimwambia aache, marehemu apumzike. Akanijibu, "Mama, baba alikuwa mwoga. Aliogopa makarani. Mimi simwogopi mtu." Nilimwacha amwite baba yake mwoga.

Nakala itakuwa tayari Jumatatu. Jana alinipigia simu kwa furaha: "Mama, uvae lile gauni la kitenge, nakuja kukuchukua. Nataka niisome mbele yako, usikie walivyomwonea baba."

Ndugu zangu, fidia siitaki. Nina binti mmoja tu, wengine ni wa kiume na wako mbali. Huyu ndiye anayenipigia kila jioni kuuliza nimekula nini.

Nishaurini. Nimwambie leo kwa mdomo wangu mwenyewe, au nivae kitenge changu, nikae karibu naye Jumatatu, nimsubiri afike kwenye jina langu?