Gemu ya Matofali Jikoni kwa Mama

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa sakafuni sebuleni kwangu hapa Kahama, padi ya gemu mkononi, binti yangu Minza ananifunga mabao mawili kwa moja, na nguo nilizoloweka uani zinanisubiri. Mama mmoja wa jumuiya yetu alipiga hodi na kuingia kwa wakati mmoja, kama kawaida yake, kuja kutuambia sala ya wiki hii imehamia kwa jirani. Akaitazama runinga, akanitazama mimi.

"Mama Minza! Kumbe na wewe unacheza? Mama mzima?"

Nilimkaribisha chai, akanywa, akaaga vizuri. Lakini nakwambia rafiki yangu, niliporudi kukaa nilifungwa mabao matatu mfululizo bila kuyaona, mpaka mtoto akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Yule mama wa watu hana kosa kubwa, alisema lililomjia mdomoni. Hasira niliyokuwa nayo nimeibeba tangu nikiwa na miaka tisa, Nyarugusu.

Tuliishi kule kwa sababu ya dhahabu, kama kila mtu. Baba alikuwa na kikundi chake kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na mama aliwapikia wachimbaji chakula. Jiko lilikuwa banda la udongo ubavuni mwa nyumba, lenye turubai la buluu kwa mbele na mabenchi mawili. Ugali wa udaga wa muhogo, maharage, dagaa, na siku ambazo hali ilikuwa ngumu, nsansa, yale majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kuchambua maharage na kuwafukuza kuku kwenye michembe ya viazi iliyoanikwa juu ya mwamba. Kutwa nzima ulisikia kina mama wakiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, ko, ko, ko, mpaka ukilala unaendelea kuyasikia kichwani.

Ile gemu tulipewa na mchimbaji mmoja wa Chato. Alikuwa amekula kwa mama masika nzima, na siku ya kuhamia machimbo mengine alitoa mfukoni kidude cha plastiki cha rangi ya kijivu, chenye kioo kidogo na vitufe vya njano. "Mayu, mama yangu, chukua. Watoto wacheze." Huenda uliwahi kukiona. Vitofali vinashuka kutoka juu, wewe unavigeuza na kuvipanga, mstari ukijaa unafutika. Usipowahi, vinarundikana mpaka juu na mchezo unakwisha kwa mlio wa kuudhi.

Kilikuwa chetu sisi watoto kwa siku mbili tu. Siku ya tatu mama alisema, "Hebu nione," akakishika huku anasubiri maji ya ugali yachemke. Maji yalichemka, yakapungua, ikabidi yaongezwe mengine.

Baada ya hapo alijiwekea sheria: anacheza maji yakiwa jikoni, yakianza kutokota anaacha. Alikaa kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza ukutani, miguu ameinyoosha, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Kaka yangu Masanja na mimi tulijibanza mabegani kwake, tukinusa moshi kwenye kanga yake na kupiga kelele, "Geuza! Geuza!" Naye anajibu, "Tulieni, nakiona." Betri zikiisha nguvu tulizianika juani kwenye bati, zikapata uhai wa nusu saa. Mama aliishia darasa la nne, lakini vidole vyake vilikuwa na akili ambayo hakuna shule ilikuwa imeigundua. Kila alipovunja rekodi yake alichora mstari wa mkaa ukutani, karibu na mlango. Halafu anacheka. Mama yangu hakuwa mtu wa kucheka hovyo, kwa hiyo kicheko kile nakikumbuka.

Sasa sikiliza. Ng'ambo ya njia, kwenye baraza la duka, baba na wenzake walicheza drafti. Ubao uliochorwa kwa mkono, vizibo vya soda, kuanzia adhuhuri mpaka jua linazama, kila siku ambayo duara lilipumzika. Walipiga kelele, walitukanana, walisahau kula. Wanawake walipita hapo na ndoo za maji kichwani na kuwaamkia kwa adabu. Hakuna aliyesema wanaume wazima wanacheza. Ile iliitwa kupumzika.

Wateja wakaizoea gemu ya mama. Waliokuwa wakisubiri chakula waliiomba, wakashindwa, wakamrudishia aone aibu yao. Hata mwalimu wetu wa shule ya msingi alikuja Jumapili moja baada ya Misa, akakaa kwenye benchi na shati lake jeupe, akacheza mara tatu, mara zote tatu akashindwa. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Mama Masanja," alimwambia, "wewe una kichwa cha hesabu. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningejivuna." Mama aliinamisha uso, lakini nilimwona. Alifurahi.

Kisha duara la kikundi kimoja kilichokuwa kikila kwetu likaacha kutoa dhahabu. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, mawe matupu. Jirani yetu, ambaye naye alipika na wateja walikuwa wamempungukia, akaanza kusema. Alisema kile kidude ni chuma ulete, uchawi ule wa kuvuta mali ya mtu mmoja iende kwa mwingine. Alisema yeye mwenyewe amekisikia kikilia kama kifaranga. Na ile mistari ya mkaa ukutani? Kila mstari ni mchimbaji mmoja aliyechukuliwa nyota yake.

Wewe ni mtu wa kwetu, unajua maneno kama hayo yanaishia wapi. Kuna kina mama waliokatwa mapanga kwa maneno madogo kuliko hayo.

Baba mdogo alitoka Ushirombo alipopata habari. Asubuhi moja uwanja wetu ulijaa: mwenyekiti wa kitongoji kwenye kiti pekee chenye mgongo, wachimbaji wamesimama, jirani na shuka lake amejifunga kifuani, na mwalimu nyuma kidogo, mikono mfukoni. Baba alikaa juu ya gogo, akitazama ardhi. Mama aliitwa kutoka jikoni na mikono yake ina unga.

"Shemeji," alisema baba mdogo, kidude kikiwa mkononi mwake, "watu wanauliza. Hiki kitu unakitumia kwa kazi gani?"

"Nacheza."

"Unacheza. Mwanamke mwenye watoto. Unacheza kwa sababu gani?"

"Kwa sababu napenda."

"Hakuna lingine?"

"Hakuna lingine. Napenda."

Watu waliguna. Nilimtazama mwalimu. Nilimtazama kwa macho yangu yote, nikisubiri aseme, maana yeye alijua. Alijua kile ni kitu cha dukani, kinauzwa minadani kwenye meza moja na tochi na vitana. Neno lake moja lingetosha, kwa sababu pale hakuna aliyesoma kumzidi. Alikohoa. Wachimbaji waliokuwa wakipokezana kile kidude kwenye benchi letu walikuwa wanatazama viatu vyao.

Baba mdogo alikiweka juu ya jiwe la kupondea, akaazima nyundo kwa mama mmoja, akakipiga mara nne. Pigo la kwanza lilitoa ule mlio wake wa kushindwa, na watu wakarudi nyuma kwa hofu. Mwenyekiti akasema shauri limekwisha. Mama akaambiwa afute ukuta, naye akaufuta kwa tambara la maji, watu wote wakiangalia.

Hakulia. Alirudi jikoni, kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua.

Siku chache baadaye wateja walirudi kula, njaa haina kiburi cha muda mrefu. Wa kwanza alikuwa mwalimu. Aliagiza ugali na dagaa kama vile hakuna kilichotokea, na mama alimpakulia sahani iliyojaa. Nilikataa kumpelekea maji ya kunawa. Nilichapwa kwa utovu wa adabu, na mpaka leo sijautubu.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza baba kwa nini alinyamaza. Alinijibu bila kusita, inaonekana jibu alikuwa nalo tayari miaka yote.

"Wangemuua mama yako. Acha kivunjwe kitu, mtu abaki. Nilimwokoa."

"Ungesema hata neno moja, baba. Kwamba amesema kweli."

"Nani angenisikiliza?"

"Mama angekusikia."

Akainuka, akaingia ndani. Alikuwa mzee, na huenda upande mmoja alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, sikuyajua mapanga kama yeye. Lakini sikumpa pole, na alikufa hatujalirudia jambo hilo.

Nyarugusu ya leo nikipita siijui. Mashine zinasaga mawe mchana kutwa, nyundo za kina mama huzisikii sana. Banda letu lilibomolewa, pamejengwa nyumba ya wageni yenye vioo vya kung'aa. Mama aliishi zaidi ya miaka ishirini baada ya asubuhi ile. Alilima, alipika, aliuguza, alizika, alilea wajukuu zake na wa wenzake. Watu walimsifu kwenye msiba kwamba alikuwa mchapakazi, hakuwahi kuonekana amekaa bure. Walisema hivyo kama sifa. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikiwasikiliza mmoja baada ya mwingine, nikifikiri kwamba katika miaka yote hiyo sikumwona tena mama yangu akifanya jambo lolote kwa sababu tu analipenda.