Kifurushi Changu na Ng'ombe wa Endarasha

Kuna watu Nyeri wanaojua kahawa, kuna wanaojua ng'ombe wa gredi, na kuna mimi, ambaye kwa miezi mitano nilijua jambo moja tu duniani: kufunga kifurushi. Si kifurushi cha posta. Ni cha kompyuta. Upo mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao ni wa bure, unatengenezwa na watu wa mataifa yote wasiojuana hata kwa sura, na kila programu inayoingia humo lazima mtu aipange: aandike inategemea nini, leseni yake ni gani, ikae wapi. Mimi, niliyemaliza kidato cha nne katika shule ya jioni nikiwa tayari na mvi mbili kidevuni, nilichagua kuanza na kitu chepesi: maktaba ya usimbaji. Yaani msimbo ambao programu nyingine huazima ili kuvuruga maandishi hata malaika asiyasome, mpaka uandike neno la siri.

Sababu ilikuwa shemeji yangu, nesi wa zahanati ndogo huko Endarasha. Rekodi za wagonjwa zilikuwa kwenye kompyuta kuukuu isiyofungwa na chochote. Siku moja mtu alipita akachungulia, na kufikia saa sita soko zima lilijua mama fulani anameza dawa gani. Mama huyo hakukanyaga tena pale.

"Wewe na hizo kompyuta zako," shemeji aliniambia, "nifungie hii kitu. Ama nirudie vitabu."

Programu ya kufunga faili ilikuwepo. Maktaba ambayo programu hiyo huitegemea ndiyo haikuwa imeingizwa kwenye mfumo. Basi nikajitosa. Mkaguzi wangu, mtu wa nchi ya mbali ambaye tuliandikiana tu, alinirudishia kazi mara kumi na moja. Mara ya kwanza ni kwa sababu maelezo yanayotakiwa kuwa mstari mmoja, mimi niliyaandika mistari kumi na minne. Nilikuwa na mengi ya kusema. Hatimaye akaniambia kifurushi ni kizuri, ila lazima nikijaribu kwa watu halisi kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa mlango wa toleo jipya unafungwa, na kisichoingia kinangoja miaka miwili.

Nikapanda Endarasha. Nikafunga rekodi kwa neno la siri nililolitunga mwenyewe, nikalijaribu, likafungua. Kisha nikamtajia shemeji kwa mdomo. "Neno la siri haliandikwi popote," nilimhubiria kama askofu. Akaitikia kwa kichwa, nikarudi Nyeri nikiwa nimevimba.

Jumatatu akapiga simu.

"Shemeji, imekataa."

"Imekataa aje?"

"Inasema neno si sahihi. Na wamama wako hapa kwa foleni na watoto."

Nikamwambia anitumie ile faili ilivyofungwa. Kwangu ikafunguka mara moja. Ikabidi nimsomee tarehe za chanjo kwa simu, mtoto mmoja baada ya mwingine, nikinong'ona kama mwizi, na lengo lote lilikuwa watu kama mimi wasizione.

Sasa, faili ikifunguka kwenye kompyuta mpya na kukataa kwenye kuukuu, mfunga vifurushi hulala na viatu. Huenda maktaba inakosea hesabu kwenye mashine za zamani, na kufuli linalomeza rekodi za watu ni afadhali lisiwepo. Nikamwandikia mkaguzi ukweli wote. Akajibu kwa upole: chanzo kisipojulikana kufikia Ijumaa, atakiondoa kifurushi. Sikumlaumu. Mimi ningekiondoa siku hiyo hiyo.

Siku tatu nilisoma mistari milioni, na nikisema milioni sipunguzi. Nikaazima kompyuta kuukuu ya rafiki, ikafungua vizuri. Nikasema, basi, kompyuta ya shemeji ni kuukuu zaidi.

Alhamisi asubuhi nilikuwa dirishani kwangu Majengo, nikipiga kelele kwenye simu kwa sababu ya mtandao wa Endarasha. Chini yangu hushona mzee mmoja Mwislamu, ambaye Kiswahili chake kimenyooka hata ungeweza kukitumia kama rula.

"Andika tena! Ng'ombe! Arirara! Balabalani!"

"Si ndio nimeandika! Arirara balabalani!"

Cherehani ikanyamaza.

"Jirani," mzee akaita, "huyo ng'ombe amefanya nini?"

"Amerara, mzee. Kwa balabala."

"Amelala."

"Ndio nasema, amerara."

"Haya. Na wewe mwenyewe uliandika alivyolala au alivyorara?"

Nikakaa chini. Vidole vyangu vilikuwa vimefunzwa na mwalimu wa shule ya jioni kwa wino mwekundu. Vyenyewe huandika "ng'ombe alilala barabarani" bila kosa. Vidole vilihitimu. Mdomo haukuwahi kujiandikisha. Na shemeji, nesi mwaminifu, aliandika nilivyotamka, herufi kwa herufi, huku kompyuta ikimwonyesha vinukta tu.

"Shemeji, weka L. L ya lami."

"R ya rami?"

"Ile herufi ya kijiti! Kijiti kimesimama peke yake. A, kijiti, I, kijiti, A, kijiti, A."

"Na kwa balabala?"

"Huko usiweke kijiti hata kimoja!"

Nikasikia akibonyeza vitufe. Kisha: "Ati imefunguka! Imefunguka!"

Chini, mzee akarudia kushona.

Kazi ngumu ikawa kumweleza mkaguzi, tena mahali ambapo dunia nzima husoma, kwamba kasoro haikuwa kwenye maktaba bali kwenye ulimi wangu. Niliandika barua hiyo mara tano. Alijibu kwamba anaamini kabisa, kwamba kwao kuna herufi mbili zilizowahi kumkosanisha na mama mkwe, na kwamba kifurushi kimeingia.

Wiki iliyofuata nilipanda tena Endarasha kukiweka kutoka kwenye hifadhi rasmi ya ule mfumo, kama mtu mwingine yeyote. Kilichukua muda mfupi kuliko kupoza chai. Shemeji akavuta kiti.

"Sasa naweka neno yangu. Toka nje."

"Mimi?"

"Na wewe ni nani hapa? Chanjo za watoto wa watu umezisoma zote. Toka."

Nikatoka, nikasimama kwenye baridi inayong'oa meno, kando ya foleni ya wamama. Mmoja akanitazama.

"Wewe ni mgonjwa?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye fundi wa kompyuta."

"Na mbona umefukuzwa?"

"Ni kwa sababu inafanya kazi," nikamwambia, nikaingiza mikono mfukoni kungoja.