Picha ya Migodini Niliyoipitisha Mwenyewe

Gari la sinema la serikali lilipofika shuleni kwetu Igamba, Mwalimu Mkuu alinipa kazi ya kuchagua picha zinazowafaa wanafunzi. Basi nikajiona hakimu! Ile ya dansi niliikataa hata haijafika katikati. Ile ya migodi ya shaba, kule ng'ambo ya mpaka, niliitazama mara tatu.

"Hiyo itawavuta vijana wakimbilie migodini," alisema Mwalimu Mkuu.

"Haimvuti mtu, Bwana. Ni watu wanachimba tu."

Sikumwambia kwamba mmoja wao, akitoka shimoni, huvua kofia kwa mkono wa kushoto na kujifuta shingo, sawasawa na baba yangu. Baba alikwenda huko nikiwa bado na meno ya utotoni. Hatujapata hata salamu.

Siku ya onyesho tuliziba madirisha ya darasa kwa mablanketi. Nikawaonya wanafunzi, fimbo mkononi: "Hivyo ni vivuli. Atakayevisalimia atapalilia kahawa ya shule wiki nzima."

Yule mtu akatoka shimoni, akavua kofia, akatazama upande wangu.

Blanketi moja likaanguka na mwanga ukajaa darasani. Mimi huyo, nimechuchumaa chini ya kitambaa cheupe cha sinema, napiga makofi polepole kama tunavyowaamkia wazazi kwetu, nasema, "Shikamoo, baba."

Hakuna aliyecheka. Msichana wa benchi la mbele akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ameitikia?"