Kiungo cha Komora

Komora wa Hewani alijua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Alikuwa mziba mitumbwi kabla umeme haujampanda kichwani, na tangu hapo Garsen haikupumua. Redio ikikwaruza, daktari ni yeye. Taa ya msikiti ikizimika, imamu atangoja kwanza hotuba ya Komora.

Mafuriko ya mwaka tisini na saba yalipokuja, watu walikimbilia mwinuko wa shule, na surua nayo ikawafuata. Chanjo ilikuwa kwenye friji ya Safiya, muuguzi, lakini jenereta ilibaki ng'ambo ya maji ya kiuno na waya haukufika. Komora akaunga mwingine. Kiungo, kwa kuwa kingelala majini, akakiziba kama anavyoziba mtumbwi: pamba iliyolowa mafuta, lami ya moto, kisha mpira wa tyubu ya baiskeli. Kikatoka kinene, kinang'aa. Akawaita watu waje wakione. Mkewe Binti alisema yeye hajawahi kutazamwa hivyo tangu aolewe.

Kesho yake fyuzi ikakatika. Ikabadilishwa, ikakatika tena, na barafu ikaanza kutoa jasho. Komora akalaumu jenereta, akalaumu fyuzi, akawalaumu hata kambare. Kiungo chake? Ng'o, kisiguswe.

"Baba Fahad," Safiya akamwambia, "chanjo ikipata joto naimwaga. Na ya mwanao imo humo humo."

Komora hakujibu. Jenereta ikazimwa, akaingia majini, akakitoa kile kiungo hadi nchi kavu na kukikata katikati. Chini ya lami hapakuwa na tone la maji. Ndani, toka katikati ya nyuzi za shaba, maji yakamdondokea mguuni. Akaufuata waya kwa vidole mpaka ulipopita kwenye uzio wa miiba uliozama, akakuta ganda lake limechubuka. Mtumbwi huvuja palepale penye ufa. Waya huu mshenzi ulikunywa maji hapa, ukayatembeza tumboni mpaka kule kwenye kiungo.

Akakata kipande chote kilicholowa, akaweka kingine. Kila mwisho wa waya akauchanua nyuzi, akazikausha juu ya makaa, akamimina nta ya nyuki katikati yake maji yasipate pa kupita, ndipo akaunga na kuzungushia mpira. Safari hii kiungo kilitoka kibaya, kina vinundu, na hakumwita mtu.

Friji ikanguruma. Safiya akatazama kipimajoto, kisha akaita mtoto wa kwanza, naye alikuwa Fahad. Mtoto alipopiga yowe, Komora akamkumbatia, akalia naye mbele ya foleni nzima.