Mbuzi wa Riwaya Yangu

Nilikuwa na miaka kumi na mitano tulipokimbia Karuba, tukapokelewa Mweso na mama mmoja mkulima wa maharagi. Alitupa chumba anachohifadhia mavuno, mimi, mama yangu na wadogo zangu wawili. Tulisema ni kwa wiki mbili. Mwezi wa tatu ulipoingia, mwenye nyumba akaanza kuuliza kwa upole maharagi ya msimu huu atayaweka wapi. Mama yangu alijua maana yake. Kilichobaki kilikuwa kambi, chini ya turubai, na kifua chake kilikuwa kibovu. Niliogopa, tena sana.

Mali yangu yote ilikuwa kaye moja, daftari la shule, na kiburi. Ndani ya kaye ile nilikuwa ninaandika riwaya ya mapenzi na hatari. Msichana aliyekimbia kwao kulipochomwa moto, mrembo kupita kiasi (alifanana na mimi, ila nywele zake zilikubali kusukwa), anatekwa na watu wabaya katika msitu wa Walikale, na kijana shujaa anamfuata kwa miguu mpaka Buleusa. Alasiri, wanawake wakipukuchua maharagi uani, nikawa ninawasomea. Kila siku nilikatia pabaya: mlango unagongwa, kamba ya daraja inakatika. Mwenye nyumba akasahau habari ya chumba. Kidogo kidogo nikaelewa kwamba msichana wangu akiwa hatarini, sisi tuna pa kulala.

Kisha nikajisahau. Kijana alimwokoa, nami nikamruhusu amshike mkono.

Mume wa mwenye nyumba, ambaye siku zote nilidhani anasinzia kitini, akafumbua macho.

"Mukono anaushika namna gani," akauliza, "na mbuzi haiyafika?"

Mikono yote ikasimama juu ya maharagi. Wanawake walikubaliana naye. Nilijitetea kwamba wale wawili wako juu ya gogo, katikati ya mto, wanafukuzwa. Haikusaidia. Ikabidi niwaache pale pale juu ya gogo, nirudi Masisi kuwatafuta baba wadogo wa kijana, niwape mbuzi wa mahari na kasiksi, pombe ya ndizi, wachelewe njiani, na mbuzi mmoja akataliwe kwa kuchechemea. Mjadala wa yule mbuzi peke yake ulichukua siku nne. Watekaji sikujua niwafanye nini, nikawaambia wasubiri. Jirani mmoja alipendekeza waalikwe kwenye harusi, kwa kuwa walikuwa wameshafika.

Mbuzi wakakubaliwa, na kaye ikabaki na ukurasa mmoja. Nililia nikiandika harusi ile, wala si kwa furaha. Niliisoma kwa sauti ndogo mpaka neno la mwisho, na hakuna mlango uliogongwa. Mama yangu alikuwa ameshaanza kukunja matandiko.

Mwenye nyumba aliendelea kupeta maharagi yake. Kisha akauliza hao maharusi watalala wapi, maana kwao kumeungua. Nikamjibu kwamba sijui, sijaandika.

"Andika basi, mutoto yangu," akasema. "Andika bako hapa kwangu, mu kile chumba yenu. Maharagi njo tutaweka chini ya kitanda yetu."

Ukurasa ulikuwa umejaa, kwa hiyo niliandika kwenye jalada, na mama yangu akaanza kukunjua matandiko.